Kitambaa Hakijui Mama

Tuanze na kitambaa, maana bila kitambaa hadithi hii haina kichwa wala miguu.

Ni kitambaa cha rangi ya chungwa, kizito kidogo kuliko shuka, upana wake wa kutosha kufunika kitanda cha mtu mmoja. Askari wa majini hukibeba kimekunjwa ndani ya mkoba, na kazi yake ni moja tu. Katika vita vya mjini, wakishaingia nyumba wakaipita chumba kwa chumba, chini ya vitanda, nyuma ya milango, mpaka ndani ya tangi la maji, na kiongozi wao akaridhika kwamba adui hayumo, mmoja hupanda juu ya paa akakifunga kwenye kona inayotazama bahari. Meli ikikiona, mizinga yake haiigusi nyumba ile. Helikopta ikikiona, inapita zake. Paa lisilo na kitambaa limo mikononi mwa Mungu na mpiga mzinga.

Rahisi, sivyo? Hata mtoto wa chekechea angeelewa. Sasa ngoja uone watu wazima walivyolikoroga.

Aliyekijua kitambaa hicho kuliko wote kambini alikuwa sajini mmoja waliyemwita Komeo, jina alilopewa kwa sababu ya milango. Hakuwa seremala. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuingia ndani ya nyumba na kutoka wakiwa hai. Nyuma ya kambi kulikuwa na mji wa kuigiza, umejengwa kwa makontena matupu na kuta za matofali zisizopakwa kitu, na humo Komeo aliwakimbiza makuruta mpaka wakachukia kila kitu chenye bawaba.

"Baharini adui unamwona anavyokuja," alikuwa akiwaambia. "Mjini adui ni dari. Ni ngazi. Ni kabati la vyombo. Mlango uliofunguliwa si mlango uliokaguliwa, msije mkanidanganya hapa." Kisha angeinua kitambaa juu. "Na hiki ni kiapo. Ukiwa na shaka hata chembe, usifunge. Hata kama nyumba ni ya mama yako. Kitambaa hakijui mama."

Makuruta walicheka kila mara. Komeo hakucheka, maana maneno hayo alikuwa ameshamwambia mama yake mwenyewe, ana kwa ana.

Ilikuwa hivi. Vitambaa vilivyotoka stoo havikuwa na pindo. Upepo wa helikopta ulivichana, nyuzi zikawa zinaruka hewani kama nywele kinyozini, na siku moja kwenye mazoezi kitambaa kizima kilinyonywa kuelekea kwenye mapanga ya helikopta. Rubani, mwanamke asiyependa mchezo na chombo chake, alishuka akamtukana Komeo mbele ya kombania nzima. Alimwambia akitaka kumwangusha angalau atumie kombora, asimwangushe kwa nguo za kufulia. Basi Komeo, likizo yake ilipofika, akafunga mzigo wa vitambaa akaupeleka nyumbani. Kwani mama yake si fundi cherehani? Kuna haja gani ya kuandikiana na stoo mwaka mzima?

Mtaani walimwita Mama Sindano. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho upande wa bahari, ghorofa moja juu, ndefu kuliko zote za mtaa huo, na kutoka dirisha la juu uliona gati lote na mteremko wa kushushia boti. Marehemu mumewe aliijenga ghorofa hiyo akafa kabla ya kuipiga lipu. Yeye alilala chini, chumba kimoja na cherehani yake ya kukanyaga, maana alisema ngazi ni za watu wenye magoti.

Mama alikishika kitambaa cha kwanza akakigeuzageuza. "Nani kakata hivi? Kakata kwa meno?"

"Ndivyo vinavyotoka stoo, mama."

"Stoo haina mkasi? Nipishe hapo." Akaketi, akatunga uzi. "Haya, niambie ni vya nini. Mimi sishoni kitu nisichokijua. Pazia lina upindo wake, shuka lina wake."

Hapo ndipo sajini mzima alipoharibu. Angeweza kusema ni vya kufunikia mizigo. Lakini mtu akiwa mbele ya mama yake hutaka kuonekana amekuwa mtu, na Komeo alikuwa na mdomo wa mwalimu. Akamweleza yote. Kona gani, upande gani, nani anatazama kutoka wapi.

Mama akashona huku akiuliza. "Na kama ndani wamo raia tu, watoto wa watu?"

"Tunafunga."

"Na kama wamo wote, raia na adui?"

"Hatufungi mpaka adui atoke."

"Na kama nyumba yenyewe ni hii?"

Komeo akajinyoosha kidogo, si unajua tena. "Sheria ni hiyo hiyo, mama. Kitambaa hakijui mama."

Mama akalisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Yaani mimi niliyekubeba tumboni, hunifungii kitambaa?"

"Nikikufungia uongo mara moja, nani atakiamini tena?"

"Mshenzi wewe," akasema, lakini alikuwa anacheka. "Haya. Nimefundishika." Akakanyaga tena. Alipomaliza, mabaki ya vile vilivyochanika kupita kushonwa akayasukuma chini ya meza kwa mguu. Komeo akataka kuyachukua, akapigwa kibao cha mkono. Mabaki ni ya fundi. Hiyo ni sheria ya mafundi wote chini ya jua, na jeshi haliwezi kuibadilisha.

Likizo ikaisha. Na mwaka uliofuata, genge la watu wenye silaha likaiteka bandari ya mji ule.

Sitakuchosha na sababu zao, kila mtu mwenye bunduki ana sababu. Simu zilikatwa, barabara ya kuingia ikafungwa, na boti ya doria iliyojaribu kukaribia gati ikamiminiwa risasi za bunduki nzito kutoka nyumba moja ya mtaa wa mbele. Ipi, hakuna aliyejua. Walipiga kisha wakanyamaza, na madirisha yote ya mtaa yakabaki yanafanana. Ndipo askari wa majini wakapakiwa melini kwenda kuikomboa.

Jeshini kuna sheria kwamba askari hapigani mtaani kwao. Ni sheria ya busara, maana mtu akifika mlango wa kwao anakuwa mtoto wa mtu badala ya kuwa askari. Meja aliyeongoza kikosi, mtu mfupi, mpole wa sauti, aliyeita kila mtu "bwana", alimuuliza Komeo kabla ya kupanda meli: "Bwana, wewe si wa mji ule? Kwenu ni mtaa gani?"

"Nyuma ya soko, afande. Mbali na bahari."

Akadanganya bila kupepesa macho. Alitaka awe yeye, si mwingine, atakayeufungua mlango wa mama yake. Usiku na mchana alikuwa akiuona mlango ule, na kila alipouona alikuwa yeye mwenyewe amesimama kizingitini.

Asubuhi ya kutua, chumba cha mipango cha meli kilikuwa kimejaa. Chumba chenyewe kidogo, dari chini, kinanuka dizeli na chai. Vikombe vilikuwa vimekaa juu ya mkeka wa mpira ili visiteleze meli ikiyumba. Alikuwepo meja, nahodha wa meli, yule rubani wa helikopta, Komeo, na rafiki yake Komeo, sajini mwenzake waliyemwita Mnara kwa urefu wake. Mnara alikuwa na nundu mpya kwenye paji la uso. Kila mlango wa meli ulikuwa umemsalimia.

"Wewe mfundisha milango," alimnong'oneza Komeo, "hii ya humu mbona hukunifundisha?"

Chini yao, katika tumbo la meli, vijana walikuwa wameshakaa ndani ya boti wakiwa wamevaa majaketi ya kuelea, wanangoja mlango wa nyuma ushushwe.

Picha ya droni ikafunguka ukutani.

Mtaa wa mbele wote ulikuwa na rangi ya chungwa. Paa kwa paa, kila moja kitambaa chake, na kila kitambaa kimefungwa kona inayotazama bahari.

"Ni alama zetu," nahodha akasema. "Na hatujashusha hata mguu mmoja."

"Imevuja," Mnara akasema.

Meja akagonga meza polepole kwa kifuniko cha kalamu. "Wameijua alama yetu, sasa wamejificha chini yake. Wanataka tukaribie kwa kujiamini, halafu watumiminie." Hakuna aliyebisha. Ungekuwa wewe ungebisha? "Basi kitambaa kimekufa, mabwana. Kuanzia sasa hakina maana. Mtaa ule watu wameshaukimbia, ndivyo tulivyoambiwa. Nahodha, mizinga ipige safu yote ya mbele kwanza, halafu boti ziende."

Komeo hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama vitambaa. Kila kimoja kilikuwa na mstari mweusi katikati, kama mshono, vipande viwili vimeunganishwa kupata kimoja. Hakuna kitambaa cha jeshi chenye mshono katikati. Mabaki ndiyo huungwa.

Moyo ukamruka kwa furaha. Yupo! Mama yupo, anashona, mtaa umejaa watu na amewafungia wote! Akafuata safu ya paa kwa macho, moja baada ya moja, mpaka ya mwisho, ile ndefu. Pale juu palikuwa na kamba ya kuanikia nguo, mabanio machache, na basi. Hapakuwa na kitambaa.

Furaha ikamkauka.

Sasa mtazame mtu huyu amesimama pale, kikombe mkononi. Akinyamaza, meli itapiga mtaa mzima, na kila aliyemo atakufa. Akisema vitambaa ni vya kweli, watu wote watapona, ila itabaki nyumba moja isiyo na kitambaa, na kila mwenye akili atajua bunduki iko wapi. Na mama alilala mle, chini, kando ya cherehani. Huenda alikuwa ameshikwa humo humo na wenye bunduki. Ndivyo Komeo alivyomfundisha: wakiwemo wote wawili, hatufungi.

Shetani naye hakosi neno. Akamwambia, sema kitambaa cha nyumba ya mwisho kimepeperushwa na upepo, nani atajua? Komeo akalifikiria hilo, tusimsingizie utakatifu. Lakini akaona boti zilizojaa watoto wa watu zikipanda mteremko mbele ya dirisha lile la juu, na mbele kabisa akamwona Mnara, shabaha ndefu kuliko zote.

Akaweka kikombe chini. "Afande, vitambaa vile ni vya kweli. Kavishona mama yangu."

Wakamgeukia wote. Akasema yote kwa sauti ya kawaida, bila kujipamba: kwamba vitambaa alivipeleka nyumbani kupindwa, kwamba alimweleza mama maana yake, kwamba mabaki alimwachia, kwamba kwao si nyuma ya soko. Ni pale. Rubani akafumba macho kidogo. Alikumbuka nyuzi.

"Una uhakika gani kwamba si mtego?" meja akauliza.

"Mtego ungefungwa kwenye nyumba zote, afande. Tazama ya mwisho."

Wakatazama.

"Nyumba ya nani ile?"

"Ya mama yangu."

Kifuniko cha kalamu kikanyamaza. "Naye yuko wapi sasa, bwana?"

"Sijui."

"Anaweza kuwa ndani?"

"Anaweza. Hulala chini."

"Na unaniambia nini kuhusu nyumba hiyo? Sema wewe, nisije nikasema mimi."

"Adui yumo humo, afande. Ingekuwa hayumo, mama angefunga. Nilimfundisha mwenyewe."

Meja akaamuru droni isogee. Picha ikakaribia dirisha la juu, na kweli, nondo zilikuwa zimeng'olewa, ndani giza tupu. Mama asingeng'oa nondo zake hata kwa dawa. Alizilipia kwa kushona sare za shule msimu mzima.

"Niruhusu niingie kwa miguu," Komeo akasema. "Mimi na watu wachache. Mlango wa jikoni—"

"Utafika jikoni kupitia wapi? Mteremko wote uko mbele ya dirisha lile. Si wewe unayefundisha hilo?"

Ni yeye ndiye aliyefundisha hilo.

Meja akamgeukia rubani. "Unaweza kupiga juu tu?"

"Juu tu nitapiga, afande." Kisha akamtazama Komeo, na safari hii hakukuwa na matusi. "Lakini nyumba ni nyumba, ndugu yangu. Ikivunjika juu, chini haiko chini ya amri yangu. Samahani sana."

"Najua," Komeo akasema.

Mizinga ya meli ikaambiwa itulie. Wengine walipotoka, meja alibaki na Komeo. "Umenidanganya mtaa wenu, na umetoa siri ya kazi. Hayo mawili tutayazungumza mbele ya wakubwa. La tatu ulilolifanya leo, sijui hata niliite nini." Akanyoosha mkono. "Tepe zako, bwana. Platuni yako ataichukua Mnara. Wewe utashuka nyuma, na wabeba machela."

Komeo akazing'oa tepe za usajini mkononi mwa gwanda. Zilikuwa zimeshonwa vizuri, akalazimika kuvuta kwa nguvu.

Boti zikatoka tumboni mwa meli zikakaa nyuma ya mwamba wa bandari, zinangoja. Komeo alikuwa katika ya mwisho, machela imelala magotini mwake. Helikopta ikapita juu yao, chini sana, ikaelekea mtaani. Ilipokaribia, dirisha la juu la nyumba ya mwisho likatema moto. Basi, shaka ikaisha. Bunduki ilikuwa humo. Helikopta ikayumba, ikazunguka, ikarudi, ikapiga. Ghorofa ya juu ikapasuka. Kwa muda nyumba ilisimama hivyo hivyo, haina kichwa, na Komeo akasema moyoni, imesimama, chini kumesalimika. Kisha ukuta wa upande ukaegemea ndani, taratibu, na sehemu yote ya juu ikashuka chini.

Kijana aliyeshika upande wa pili wa machela alitazama pembeni, maana habari melini haina siri, ilikuwa imeshafika mpaka kwa wapishi.

Boti zikapanda mteremko. Hapakulia hata risasi moja. Waliokuwa wakilinda upande wa soko, waliposikia bunduki yao kubwa imenyamaza, walitupa silaha wakatimua mbio. Redio ya wabeba machela ikaanza kusema kwa sauti ya Mnara, mlango kwa mlango, kama walivyofundishwa.

"Nyumba ya kwanza, raia, wote wazima." "Inayofuata, raia, wote wazima. Kuna mama hapa anasema tumekanyaga unga wake." "Inayofuata, wazima. Mzee anauliza nani atamlipa kioo." Watu wakacheka hapa na pale. Hata kijana wa machela akacheka, kisha akajizuia.

Kisha Mnara, sauti nyingine kabisa: "Nyumba ya mwisho. Wabeba machela waje."

Komeo alikimbia. Alipofika, Mnara alikuwa amesimama mbele ya kifusi, kofia ya chuma mkononi. "Juu walikuwepo, wamekufa," akasema. "Chini sijafika. Kaka, acha sisi tuchimbe."

"Cherehani iko kushoto," Komeo akasema, akapanda juu ya kifusi.

Alichimba kwa mikono. Alitupa matofali, akavuta kipande cha ngazi, akakuta kona ya kitanda imebonyea, godoro tupu. Tupu haimaanishi kitu, mtu husikia kishindo akakimbilia pembeni. Yeye mwenyewe alikuwa akifundisha hivyo. Akaendelea kushoto. Akagusa chuma. Ilikuwa miguu ya cherehani, na kile kikanyagio kilichosagika katikati kwa miaka ya mguu mmoja. Juu ya meza, mahali pa cherehani yenyewe, hapakuwa na kitu. Skrubu zilikuwa zimefunguliwa. Alikuwa amepiga magoti anazitazama skrubu hizo, kichwa kimegoma kuelewa, aliposikia nyuma yake:

"Unachimba nini humo? Kwani umepoteza nini?"

Mama yake alikuwa amesimama barabarani, kanga kiunoni, sindano imechomekwa kifuani kama kawaida yake, na nyuma yake mtaa mzima. Komeo alishuka kifusi akianguka. Akamkumbatia, akamshika mabega, akamwachia, akamshika tena.

"Niache nipumue!" Mama alikuwa anacheka. "Walinitoa siku ya kwanza tu. Wakasema wanataka nyumba ndefu. Nikawaambia chukueni nyumba, cherehani hamuijui, nipeni. Nikahamia kwa fundi saa."

"Na kushona ameshona kwangu," fundi saa akadakia, mzee mwenye kioo kimoja kilichopasuka kwenye miwani. "Wakamuuliza, haya ya chungwa ni nini? Akasema ni mapazia ya mteja, yanakauka. Mmoja akataka afungiwe hata juu ya hii nyumba, aone inavyopendeza!"

"Nikamwambia kamba ya pale imeoza," mama akasema, na mtaa ukaangua kicheko. "Nilijua utaona. Nikawaambia hawa, mwanangu ataona, zenye kitambaa ni za watu, isiyo na kitambaa ni yao. Si ndivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Umeona! Kichwa changu bado kizima." Akageuka kuitazama nyumba yake iliyolala, akatikisa kichwa, akaguna. Kisha macho yake yakashuka kwenye machela. Akayatazama matofali yaliyotupwa, na mikono ya mwanawe yenye damu. Kicheko kikamtoka usoni polepole.

"Humo ulikuwa unamtafuta nani?"

Komeo akaificha mikono nyuma ya mgongo.

"Nakuuliza wewe."

"Nilikuwa nakutafuta wewe, mama."

"Mimi? Hukujua kama nimetoka?"

"Sikujua. Simu hazikuwepo."

"Ulidhani nimo."

"Nilidhani huenda umo."

Mnara alijifanya anarekebisha kamba ya kofia.

"Nani aliwaambia wapige nyumba hii?" mama akauliza.

"Mimi."

Mama hakupiga kelele. Alisimama hapo, akamtazama mwanawe kama mtu anayepima nguo kwa jicho kabla ya kushika tepu. Kisha akawatazama waliokuwa nyuma yake, fundi saa, mwanamke wa unga, watoto waliokuwa wakivuta kitambaa cha chungwa kilichoanguka. Wote walikuwa hai.

"Umefanya sawa," akasema. "Nilikaa kule kwa fundi saa nikiomba ufanye hivyo hivyo. Sikuwaza kwamba ungenihesabu humo ndani." Akamfuta damu mkononi kwa ncha ya kanga. "Umefanya sawa, mwanangu, lakini imeniuma. Acha niseme ukweli, imeniuma sana."

"Nami imeniuma, mama. Itaniuma mpaka nife."

"Ndiyo. Na iume." Akamshika mkono wa gwanda, pale tepe zilipokuwa, nyuzi zikining'inia. "Na hapa pamefanywa nini? Nani kang'oa hivi, kang'oa kwa meno?"

"Nimeng'oa mwenyewe. Wamezichukua."

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yangu mwenyewe."

Akavuta pumzi, akachomoa sindano kifuani, akafumua uzi kutoka upindo wa kanga. Alijaribu kutunga, uzi ukapita pembeni. Akajaribu tena. Komeo akaichukua sindano, akatunga uzi, akamrudishia, kama alivyokuwa akimfanyia tangu utotoni.

Hapakuwa na kiti pale barabarani. Mama akaivuta machela, akaketi juu yake, akapiga pembeni kwa kiganja.

"Kaa hapa," akasema. "Lete huo mkono."